Kizunguzungu cha Sikio na Biashara ya Chupa



Leo nataka tuzungumze waziwazi, na najua wapo watakaonuna. Wanune tu, maana walionyamaza wametufikisha hapa tulipo.

Ukitoka msikitini siku ya Ijumaa, iwe ni hapa Buyenzi, Uvira ng'ambo ya mpaka, au Nyamirambo kule Kigali, utawakuta wametandika mikeka yao. Habasoda, asali, mafuta ya zeituni, mizizi iliyosagwa, chupa za maji zenye kitu cha rangi ya kahawia. Mimi sina ugomvi na mkeka huo kwa jumla. Asali nanunua pale pale. Umubirizi tumekunywa tangu utotoni na uchungu wake wote, na kwa umuravumba bibi zetu walitutibia kikohozi. Ugomvi wangu ni na chupa moja: ile ambayo muuzaji anainadi kuwa "inarudisha mishipa ya sikio" na kumsimamisha mtu ambaye sikio lake la ndani limeharibika, akawa anayumba kama mlevi. Chupa hiyo ni uongo. Tena haipotezi faranga peke yake. Inapoteza wiki ambazo mgonjwa alikuwa anazihitaji kuliko kitu chochote.

Ili tusibishane hewani, kwanza tujue kinachoharibika ni nini.

Ndani kabisa ya sikio, mbele zaidi ya kile kiwambo, kwenye mfupa wa fuvu, kuna kiungo kidogo kinachoweza kukaa juu ya kidole gumba. Sehemu yake moja imejikunja kama konokono, na hiyo ni ya kusikia. Pembeni yake kuna mifereji mitatu iliyopinda na vifuko viwili, na hiyo ndiyo mizani ya mwili. Ndani mna majimaji, na mna seli zenye vinyweleo vidogo sana. Ukigeuza kichwa, majimaji yanachelewa kidogo, vinyweleo vinapinda, na habari inakwenda kwenye ubongo: kichwa kimegeuka, upande huu, kwa kasi hii. Papo hapo ubongo unayaamuru macho yaende upande wa pili ili unachokitazama kisiruke.

Jaribuni hili nyumbani, hata watoto watalifurahia. Shika gazeti mbele ya uso wako, ulitikise haraka kulia na kushoto huku unajaribu kusoma. Maneno yanafutika. Sasa liache gazeti litulie, utikise kichwa kwa kasi ile ile. Unasoma vizuri! Tofauti hiyo ni kazi ya sikio la ndani. Mtu aliyepoteza mizani ya masikio yote mawili hana msaada huo. Akitembea, kila hatua dunia inaruka. Anaona mtu anakuja lakini hamtambui uso mpaka asimame. Ukimkuta njiani hakukusalimia, usiseme ana kiburi.

Sasa zile seli zenye vinyweleo zikifa, hazirudi. Kuku zake zikifa zinaota upya, jambo ambalo wanasayansi walilithibitisha miaka ya 1980, na mpaka leo wanatafuta siri hiyo ya kuku. Za kusikia kwa binadamu haziti kabisa kuota, na za mizani hazioti kwa kiasi cha kurudisha kazi yake. Hakuna mzizi, jani, mbegu wala kidonge cha famasi kilichoonyesha kuwa kinaziotesha kwa mtu. Mwenye chupa anapokwambia inarudisha, muulize amemrudishia nani, na amepima kwa kipimo gani.

Zinakufa vipi? Kwa njia nyingi. Homa ya uti wa mgongo, usaha wa sikio ulioachwa miaka ukala mpaka ndani, pigo la kichwani, virusi. Lakini kwetu kuna njia moja ambayo watu wanaijua na hawaisemi kwa jina, nayo ni sindano. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, ikawa dawa ya kwanza ya kweli ya kifua kikuu. Iliokoa roho nyingi mno, hilo tusilifiche. Na karibu tangu mwanzo madaktari waliona kwamba baadhi ya waliopona kifua walibaki wanayumba. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani aliandika habari zake mwenyewe katika jarida la New England Journal of Medicine, akijitaja kwa herufi mbili tu, J.C. Alikuwa ametibiwa kwa streptomaisini. Anaeleza kwamba ili asome akiwa kitandani ilimbidi akibane kichwa chake kati ya vyuma vya kitanda, kwa sababu hata mapigo ya moyo wake yalitosha kuzirusha herufi machoni. Huyo alikuwa daktari, na ilimchukua muda kuelewa kilichompata. Fikiria mama wa Ruvumera anayeuza ndagala.

Ndugu zake streptomaisini ni jentamaisini na kanamaisini. Streptomaisini na jentamaisini huvamia zaidi mizani, kanamaisini huvamia zaidi kusikia. Hapa kwetu hili si la kusoma vitabuni. Kati ya mwaka 2013 na 2015 nchi 9 za Afrika zinazotumia Kifaransa, zikiwamo Burundi, Rwanda na Kongo, zilijaribu tiba ya miezi 9 ya kifua kikuu sugu kwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Zaidi ya 8 katika kila 10 walifanikiwa, na kabla ya hapo tiba ilikuwa karibu miaka miwili. Lakini katika dawa hizo kulikuwa na sindano za kanamaisini kwa miezi minne au zaidi, na wapo waliotoka na uhai wao bila masikio yao. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza ule mpango wa zamani wa kumrudishia mgonjwa tiba kwa kumwongezea streptomaisini. Mwaka 2018 likatangaza kuwa kanamaisini nayo iondolewe kwenye kifua kikuu sugu. Leo tiba inayopendekezwa kwa wengi wa wagonjwa hao ni vidonge vitupu, na tangu 2022 kuna ya miezi 6. Alhamdulillah. Ila walioumia kabla ya hapo wako hai, wako mitaani kwetu, na ndio wateja wa chupa.

Jentamaisini bado ipo, nayo haiwezi kuachwa. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu huokolewa kwa hiyo pamoja na ampisilini, kwa siku chache, kwa kipimo cha uzito wake. Mama asije akasoma maneno yangu akamnyang'anya mtoto wake sindano hiyo! Ninayoisema ni ile "jenta" inayochomwa kiholela, mtu ana maumivu ya kiuno tu, hajapimwa mkojo, hajapimwa figo, anachomwa siku saba, kumi, kumi na nne, kwa sababu sindano inaonekana ina nguvu kuliko kidonge. Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa dhaifu inabaki, na sikio linaendelea kuungua. Na hapa mitishamba inaingia kwa ubaya wa pili ambao hausemwi: mtu aliye katika sindano hizo akinywa pamoja nazo mchanganyiko wa mizizi asioujua, na mizizi hiyo ikazichosha figo, amelizidishia sikio sumu.

Turudi kwa mgonjwa. Seli zimekufa. Je, ndiyo basi? Hapana. Na jibu hili ndilo wenye chupa hawataki ulisikie, kwa kuwa halina bei.

Anayepona ni ubongo. Sikio likiharibika upande mmoja tu, ubongo unapata habari mbili zinazopingana, kulia inasema kitu, kushoto imenyamaza, ndipo dunia inapozunguka na mtu anatapika. Siku chache za kwanza ni mateso. Kisha ubongo unaanza kupiga hesabu upya, unalitegemea sikio lililobaki, macho, na nyayo za miguu. Kwa wiki kadhaa mpaka miezi, wengi wanarudi kwenye kazi zao. Masikio yote mawili yakiharibika safari ni ndefu na hairudi yote, lakini mtu aliyekuwa anatambaa kwa kushika ukuta anaweza kutembea mwenyewe kwenda sokoni. Nimewaona.

Sasa ubongo unajifunza kwa nini? Kwa kusogea. Unajifunza kutokana na makosa. Kichwa kigeuke, picha iruke, ubongo uone kosa, urekebishe. Bila kosa hakuna somo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili huko London, Terence Cawthorne aliyekuwa mpasuaji wa masikio na mwenzake daktari Cooksey waliona kuwa wagonjwa wa kizunguzungu walioanza kujongea mapema walipona upesi kuliko waliolala, wakawatungia mazoezi ya macho, kichwa na mwili. Mazoezi yale ndiyo mzazi wa yanayofundishwa hospitalini hadi leo. Katika miaka ya 1970 majaribio kwa nyani yalionyesha jambo lile lile: waliofungwa wasijongee siku za mwanzo baada ya mshipa wa mizani kukatwa walichelewa sana kuliko walioachwa huru. Siku za mwanzo, ndugu zangu! Na siku za mwanzo mgonjwa wetu yuko wapi? Amelazwa kwenye chumba chenye giza, kafunikwa khanga, karibu yake chupa ya kwanza kati ya tatu, na sharti la muuzaji ni "asisogezwe mpaka dawa imalize kazi".

Naomba msomaji atulie hapa. Wauza chupa wana ushahidi, na ushahidi wao si wa kutunga. Utasikia: fulani alikuwa haamki, akanywa chupa tatu kwa mwezi mmoja na nusu, leo anaendesha baiskeli. Kweli anaendesha. Lakini mwezi mmoja na nusu ni muda ule ule ambao aliyeharibikiwa sikio moja huwa amepata nafuu kubwa bila kunywa chochote. Ndiyo maana dozi ni ya mwezi mmoja na nusu! Angekuwa anauza maji ya bomba kwa dozi hiyo, angekuwa na mashahidi wale wale. Kuna na wengine ambao hawakuwa wameharibikiwa seli kabisa. Chembe ndogo za chokaa zimetoka mahali pake na kuingia kwenye mfereji mmoja, basi wakilala au wakigeuka kitandani dunia inapinduka kwa sekunde chache. Hao nao mara nyingi hupona wenyewe kwa wiki kadhaa, na tabibu anayejua anaweza kuwaponya siku hiyo hiyo kwa kuwageuza kichwa na mwili kwa utaratibu maalumu, bila dawa yoyote. Hesabu ya chupa imejaa watu hawa. Walioharibikiwa masikio yote mawili, ambao chupa haiwaponyi, hawaletwi kutoa ushahidi. Wanaambiwa imani yao ndogo, au wamefanyiwa kitu na jirani.

Na mafuta ya moto? Wapo wanaopasha mafuta ya habasoda na kuyamimina sikioni. Mgonjwa anashikwa na kizunguzungu kikali, muuzaji anashangilia: mmeona, ugonjwa unapigana na dawa! Kitu hicho kilielezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na Robert Bárány wa Vienna, akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya kiungo cha mizani. Aliona kuwa kimiminika cha moto au cha baridi kikiingia kwenye tundu la sikio, joto lake huyasukuma majimaji ya ndani, na mtu huzungukwa na dunia. Hata wewe mzima ukimiminiwa utapepesuka. Kwa hiyo kile kizunguzungu hakionyeshi uponyaji wowote. Kama kuna kitu kinaonyesha, ni kwamba mizani ya upande huo bado ina uhai kidogo. Mafuta yenyewe hayafiki ndani, kiwambo kimeziba. Na kama kiwambo kimetoboka, ndiyo mbaya zaidi, maana unapeleka uchafu mahali ambapo hapatakiwi hata maji ya kuoga.

Yupo jirani yetu mmoja, mama wa makamo, jina lake nalihifadhi. Alichomwa jenta siku nyingi mfululizo kwenye dispensari moja, hakuna aliyemwambia ni dawa gani wala ahadhari ya nini. Siku moja akaamka alfajiri kutia udhu, kulikuwa na giza, akaanguka kama gunia. Gizani macho hayasaidii, ndiyo maana ilianza hivyo. Wanawe, watoto wema kweli, walichanga faranga wakanunua chupa. Miezi miwili na zaidi hakutoka nje. Bakuli lilipelekwa kitandani, hata kichwa alikizuia kisigeuke kwa sababu kila akigeuka anaumwa. Alipopelekwa hatimaye kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine, miguu imekwisha nguvu, shingo imekakamaa, na hofu imemjaa kiasi kwamba kusimama katikati ya chumba analia. Kine alisema kazi ya kwanza ilikuwa ni kuiondoa ile miezi miwili, ndipo aje kwenye sikio. Leo anatembea na fimbo, mchana. Sijui angefika wapi kama angeanza wiki ile ile, na wanawe wanajiuliza hivyo hivyo.

Wapo watakaosema: ewe ndugu, unapinga Sunna? Habasoda imesifiwa na Mtume, rehema na amani zimfikie. Sipingi, na naila. Lakini wanazuoni wameijadili hadithi ya habasoda kwa karne nyingi, wapo walioichukua kwa ujumla wake na wapo waliosema inahusu maradhi fulani na namna fulani ya kuitumia. Hakuna katika wao aliyesema kwamba muuzaji wa mkekani amepewa idhini ya kuandika "sikio la ndani" kwenye karatasi na kuibandika chupani. Mtume huyo huyo aliwaruhusu watu wajitibu, na wakati wake watu waliitiwa tabibu mjuzi. Pia imepokewa kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi analipa dhara atakayoleta. Hilo la mwisho silisikii likinadiwa pale nje ya msikiti!

Hoja nyingine ina uzito zaidi, nami siidharau. Wanasema: sindano ya hospitali ndiyo iliyomharibu, unawezaje kutuambia turudi huko huko? Mtu aliyeumizwa na dispensari ana haki ya kukasirika. Watumishi wa afya wana lawama yao. Anachoma, hasemi jina la dawa, haulizi habari za figo, mgonjwa akirudi anayumba anaambiwa ni presha, au ni uchovu, au ni malaria tena. Kisha anaandikiwa vidonge vya kuzuia kizunguzungu vya mwezi mzima. Vidonge hivyo vinafaa kwa siku mbili tatu za mwanzo, mtu anapotapika. Vikiendelea vinaulaza ubongo wakati unatakiwa kujifunza, kwa hiyo koti jeupe nalo linaweza kuwa chupa nyingine. Lakini kosa la dispensari haliigeuzi chupa kuwa dawa. Aliyeungua kwa moto wa jiko la jirani hatibiwi kwa kupakwa tope na jirani wa pili.

Nitatenda haki pia kwa mitishamba yenyewe. Tangawizi hupunguza kichefuchefu, na mgonjwa wa siku za mwanzo anaweza kunywa chai yake akapata nafuu ya tumbo. Mnyweshe. Ginkgo inayouzwa kwenye famasi kwa bei kubwa haijaonyesha kuwa inaotesha seli za sikio, na anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande aiepuke. Hijama haifiki kwenye sikio la ndani. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Basi tufanye nini nyumbani? Kwanza tuzijue dalili ambazo hazingoji. Kizunguzungu cha ghafla pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili au mkono kulegea, hicho huenda ni kiharusi, hospitali saa hiyo hiyo. Sikio linalotoa usaha kisha mtu akaanza kuzungukwa na dunia, hospitali siku hiyo hiyo. Na aliye katika sindano sasa hivi akaanza kuyumba au masikio kuvuma, amwambie tabibu wake kabla ya sindano inayofuata. Asiache dawa kimyakimya, aseme, wabadilishe.

Baada ya hapo mazoezi. Ukipata kine akuongoze, ni bora. Usipompata, hili la kwanza halihitaji kitu. Andika herufi moja kubwa kwenye karatasi, ibandike ukutani usawa wa macho. Mgonjwa akae kwenye kiti kama mita moja, aikazie macho herufi, ageuze kichwa kulia na kushoto, kidogo kidogo, kwa kasi ambayo herufi inaanza karibu kufifia lakini bado anaiona. Nusu dakika, apumzike, tena. Kisha juu na chini. Kizunguzungu kitakuja, na hapo ndipo familia zinapoharibu, mama anasema basi mwanangu utaniulia mtoto. Kizunguzungu kidogo kinachotulia baada ya dakika chache ndicho somo lenyewe. Kikidumu saa nzima, mmezidisha, punguzeni. Mwongozo wa wataalamu wa mazoezi ya viungo wa Marekani wa mwaka 2022 unataka angalau dakika 12 kwa siku, zikigawanywa mara tatu, kwa ugonjwa mpya, na zisipungue 20 kwa ugonjwa uliokaa, kwa wiki kadhaa. Wa masikio yote mawili wanahitaji zaidi. Akizoea akiwa ameketi, asimame, mtu akiwa nyuma yake. Kisha miguu pamoja. Kisha atembee kwenye ujia wa nyumba akigeuza kichwa kama anayesalimia watu wa pande mbili. Mashangazi ni wazuri sana kwa zoezi hili, maana wao husalimia kweli.

Swala. Kuswali kwa kukaa ni ruhusa ya mgonjwa, na asilazimishwe mtu kurukuu akaangukia wenzake. Lakini ruhusa isigeuzwe kuwa kifungo. Akipata nguvu, arudi hatua kwa hatua, karibu na ukuta, macho yakiwa wazi kwenye mahali pa kusujudia. Alfajiri taa iwashwe kabla hajaamka. Taa ya usiku ya faranga chache inazuia kuvunjika nyonga kuliko chupa zote za mkekani.

Na ziwa. Sisi watu wa Tanganyika tunaoga ziwani bila kufikiri. Aliyepoteza mizani ya masikio yote mawili akizama chini ya maji hajui juu ni wapi, hasa jioni maji yakiwa meusi, anaweza kupiga mbizi kuelekea chini akidhani anapanda. Asiingie penye kina, hata kama alikuwa mwogeleaji hodari. Wavuvi mliopata tiba hiyo ya sindano, jambo hili ni lenu kabla ya wengine wote.

La mwisho ni la ukoo. Kuna watu ambao sindano hizi huwaua kusikia hata kwa dozi ndogo, kwa sababu ya kasoro ya urithi inayopita kwa mama tu. Iligunduliwa mwaka 1993. Kama upande wa mama yako yupo bibi, mjomba au dada aliyekuwa kiziwi baada ya sindano chache, wewe na watoto wa dada zako mnatakiwa kulisema hilo kabla ya kuchomwa. Ulizeni jina la kila sindano, liandikeni kwenye daftari la nyumbani pamoja na tarehe na idadi ya siku, na pembeni yake andikeni nani katika ukoo wa mama masikio yaliharibika baada ya sindano. Mkienda dispensari, daftari liende nanyi.

Wabillahi tawfiiq.